Mtoto wa Pwani Kuililia Bahari Gigiri

Tiketi ya SGR, treni ya Mombasa hadi Nairobi, daraja la kawaida siku hizi ni shilingi 1,500. Hadi mwisho wa 2023 ilikuwa 1,000, na sikuona kilichoongezeka ndani ya behewa isipokuwa bei: viti ni vile vile vya kutazamana, magoti yako na ya mtu usiyemjua yakigongana kutoka Miritini hadi Syokimau. Hapo sijataja ada ya mkutano, koti la kuazima, wala chumba cha Ngara tulicholala watatu, ambacho mwenyewe alituapia kwamba maji moto yanakuja. Hayakuja. Julai ya Nairobi, maji ya barafu, na mimi mtu wa Kisauni!

Kilichonipeleka ni mkutano wa wanafunzi wa kuigiza Umoja wa Mataifa, ule wenyewe huuita MUN. Kila mjumbe hupewa nchi akaitetea kama balozi wake, aipende asiipende. Mimi niliomba Indonesia, nikitarajia angalau nitazungumzia visiwa na wavuvi, mambo ninayoyajua. Nikapewa Bolivia, nchi isiyo na hata kipande cha ufuo.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu, wala si mvua ya kusema mvua, lakini makanga wa Nairobi hawahitaji mawingu mengi kupandisha nauli. Tulilipa karibu mara mbili kufika Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa. Getini tukakaguliwa mikoba, mikanda na vitambulisho, kisha tukapita chini ya bendera za nchi wanachama, 193 kwa jumla. Kila mmoja akaanza kuitafuta ya kwake. Wenzangu walipiga picha na ya Kenya. Mimi niliitafuta ya Bolivia, nyekundu, njano na kijani, na nilipoipata nikajiona nimekutana na jamaa ugenini.

Mada ya kamati yetu ilikuwa haki za nchi zisizo na bahari. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, nchi zinazoendelea za aina hiyo ni 32, na 16 ziko Afrika. Kanuni za ukumbini ni nyingi na nyingine za kuchosha, ila moja ilinifaa sana: mjumbe hasemi "mimi". Husema "Bolivia inaona", "Bolivia inasikitika". Darasani mimi hunyanyua mkono nikishahakikisha mwalimu anaangalia kwingine. Bolivia haina haya hizo. Bolivia ilinyanyua kibao chake chenye jina la nchi mara tu orodha ya wasemaji ilipofunguliwa, ikapewa sekunde 90, ikasimama miguu ikitetemeka, ikaeleza jinsi ilivyopoteza pwani yake ya Pasifiki kwa Chile katika vita vilivyoanza 1879. Ikaeleza kwamba hadi leo ina jeshi la wanamaji, linalofanya doria katika Ziwa Titicaca, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, na kwamba kila tarehe 23 Machi huadhimisha Siku ya Bahari. Nilipoyasoma hayo nyumbani nilicheka peke yangu. Pale ukumbini sauti ilinikwama nilipoifikia hiyo tarehe, na sikuwa naigiza.

Chile ikanyanyua kibao. Alikuwa msichana mwembamba, mtulivu, hana hata karatasi mkononi. Akataja mkataba wa 1904, unaoipa Bolivia haki ya kudumu ya kupitisha mizigo yake katika bandari za Chile. Akataja reli ya kutoka Arica, bandari ya Chile, hadi La Paz kwetu Bolivia. Akamalizia na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo Oktoba 2018 iliamua, majaji 12 kwa 3, kwamba Chile haina wajibu wa kisheria wa kujadiliana na Bolivia kuhusu kuipa njia yake yenyewe ya baharini. "Bolivia ina pa kupita," akasema. "Inachotaka ni kumiliki." Ukumbi ukagonga meza. Nikakaa.

Mchana, bei ya wali kuku ilinifanya niagize chai. Chile naye alikuwa na chai.

"Bolivia, habari ya mlimani?" akaniuliza, kwa Kiswahili.

Ni mtu wa Tororo, Uganda, karibu na mpaka wa Malaba. Tulicheka mpaka watu wakageuka: yeye asiye na bahari anatetea nchi yenye pwani ya zaidi ya kilomita 4,000, na mimi niliyekulia chumvini nalilia maji. Kisha akaacha kucheka.

"Dada, mzigo wa baba yangu ulikaa kwenu mpaka gharama ya kuuhifadhi ikapita bei ya mitumba yenyewe. Karatasi moja tu ilikosewa."

"Kwetu wapi?"

"Kwenu Mombasa. Kwani bandari ni ya nani?"

Akaniambia mama yake bado husimulia 2008, Wakenya walipopigana baada ya uchaguzi. Reli iling'olewa Kibera, malori hayapiti, na kwao petroli ikaadimika. "Kura yenu hatukupiga," akasema, "lakini foleni tulipanga."

Sikuwa na jibu. Kwetu bandari ni mazungumzo ya kila siku. Mjomba wangu ni wakala wa forodha. Mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana kupinga mizigo kulazimishwa kusafirishwa kwa SGR, na nyumbani tulilijadili jambo hilo mpaka chakula kikapoa: madereva watakula nini, wenye yadi watakula nini. Siku zote hizo ugomvi ulikuwa nani aubebe mzigo. Mwenye mzigo sikumbuki kumsikia akitajwa.

Alasiri niliweka kando hotuba ya vita vya 1879. Tulikaa sakafuni nje ya ukumbi, Bolivia na Chile, tukaandika rasimu inayoanzia kifungu cha 125 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, kinachozipa nchi zisizo na pwani haki ya kupita kwenda na kutoka baharini. Tukadai gharama za kuhifadhi mizigo zitangazwe mapema, na karatasi zishughulikiwe ndani ya siku saba. Siku iliyofuata ilikuwa hotuba na njaa. Singapore ikafuta siku saba ikaweka "muda unaofaa", wengi wakakubali, azimio likapita. Bado nina kinyongo na Singapore. Tuzo ya mjumbe bora ilimwendea Ufaransa, mwenye Kiingereza cha puani.

Jioni nilimpigia mjomba nikamweleza kisa cha mitumba.

"Kosa la karatasi ni la wakala wake, si la bandari," akasema papo hapo. "Mpe namba yangu. Nitamfanyia bei ya ndugu."

Nikamtumia Chile namba. Jibu likaja upesi: "Chile inashukuru. Bei ya ndugu ni shilingi ngapi?"