Vile niliachana na Boxer yangu ya miaka nane

Hiyo Boxer 150, pikipiki yangu ya boda, niliichukua 2015, namba yake inaanza na KMD, na tangu hiyo siku nimebeba nayo watu kutoka steji yetu hapa Umoja, Nairobi, mpaka tao, Donholm, Pipeline, Ruai, popote mteja anataka. Imelipa karo ya watoto wawili. Usiku mama watoto aliposhikwa na uchungu ilikuwa saa tisa, hakuna gari ya kupata, ni hiyo ilitupeleka polepole kwa barabara ya Outering mpaka tukafika salama, kwa hivyo mtu akiniambia pikipiki ni chuma tu mimi hunyamaza. Pale magoti hugusa tangi rangi nyekundu ilikuwa imelika ikabaki chuma inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa, pande zote mbili, na hayo ni magoti yangu. Mlio wake mama watoto alikuwa anaujua nikiwa bado kwa kona, anateleka maji ya ugali.

Shida ilianza na moshi. Asubuhi nikipiga kiki inatoa moshi wa bluu kidogo alafu inaacha, nikasema labda ni baridi. Baadaye ikawa kila nikivuta mafuta walioko nyuma wanakohoa, oili naongeza kila siku mbili, plagi nikiitoa imelowa nyeusi. Nikaenda kwa fundi Kirinyaga Road akatoa silinda akaniambia, "Weka kidole hapa ndani uskie." Nikaskia pale juu pistoni inageukia kuna kangazi, kadogo lakini ukipitisha ukucha unakwama. Hiyo bloku, yaani hiyo silinda, ilishachongwa ndani mara mbili, 2018 na 2021, kila mara tunaweka pistoni kubwa kidogo, sasa akaniambia ukuta hauna nyama ingine ya kuchonga. Ama ninunue bloku mpya na pistoni yake, ama niache. Na gia ya pili nayo ilikuwa inaruka.

Kitu kilinisaidia kuamua ni daftari. Kuanzia Juni 2023 nilikuwa naandika kila kitu, oili, plagi, kebo ya klachi, cheni, hata siku nimeshinda gereji bila kubeba mtu. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimetumia shilingi 31,400 na nimepoteza siku tisa za kazi. Alafu Septemba petroli ikafika 211 na ushee kwa lita hapa Nairobi, na injini imechoka inakunywa kuliko mpya, nikaona kweli hii nimeishikilia kwa mapenzi tu na watoto ndio wanalipia.

Lipa mdogo mdogo niliiangalia. Ile ya kulipa kila siku ni rahisi kuanza lakini niliketi nikapiga hesabu mpaka siku ya mwisho nikaona ningelipa karibu pikipiki moja na nusu, nikaiacha. Zile za stima pia niliziangalia, unafika kituoni unabadilisha betri unaendelea, na wenye wanazo kwa steji yetu wanazisifu sana, lakini mimi kila mwezi naenda nyumbani Mwala na sikutaka kuwaza betri njiani. Nikaamua Boxer tena. Kwa sako nilikuwa na laki moja, chama cha steji zamu yangu ilikuwa mbali lakini rafiki mmoja akakubali tubadilishane, nikapata 24,000, bado ile ya zamani niuze.

Hapo ndipo nilikaa wiki mbili nzima. Broka alikuja akasema 28,000, na hakunificha, ataikata auze spea. Nilifikiria hiyo tangi ikining'inia kwa kibanda cha spea Grogan nikakataa. Kuna kijana wa steji alikuwa ananishikia Jumapili nikienda kanisa, anaijua vizuri, nikamwita nikamwambia kila ugonjwa iko nao, nikampa na daftari asome mwenyewe. Akasema mama yake ataongezea, ataweka bloku mpya, abebee mboga na maji huko Njiru. Akanipa 45,000.

Ufunguo sikumpa hiyo siku na naomba mtu asiniambie nilimkosea. Jamaa wa steji yetu aliuza yake kienyeji, mnunuzi hakubadilisha jina, ikagonga mtu Mlolongo na polisi wakapigia huyu wetu simu maana bado ilikuwa kwa jina lake, wiki tatu anaenda anarudi. Sisi tuliingia saiba hapo Mutindwa, nikaanzisha transfa ya jina kwa akaunti yangu ya eCitizen, ile ya huduma za serikali mtandaoni, yeye akakubali kwa yake, akalipa, tukangoja mpaka jina likabadilika. Ndipo nikampa ufunguo kwa mkono. Akaniambia, "Mzee, nitaitunza." Sikuweza kujibu.

Mpya ilinigharimu 165,000, iliyobaki ikaingia kwa insurensi na gadi ya mbele. Klachi yake ni laini mpaka siku ya kwanza ilinizimikia kwa taa mara mbili. Aliyeniuzia alisema nisipitishe spidi ya 50 kwa zile kilomita elfu moja za kwanza, na kwa Outering hiyo ni kazi, matatu zinakupigia honi mpaka unaskia kwa mgongo, lakini nilishika hivyo hivyo. Jioni nilifika nikapata ugali haujatelekwa, mama watoto hakuniskia.

Ilipofika kilomita 500 nikaipeleka kwa fundi yule yule. Alipomwaga oili kwa karai ilikuwa na chenga ndogo ndogo zinang'aa, roho ikaruka, akaniambia tulia, gia zinazoeana. Na pale kando nani alikuwa amepiga stendi, kijana na KMD yangu, bloku imeshawekwa mpya, anapiga kiki jasho linamtoka haishiki. Nikamwambia chok usivute yote, vuta nusu, piga mbili ikiwa imezimwa ndio uwashe. Akanipisha nimwonyeshe. Nikapiga mbili, nikawasha, nikapiga ya tatu ikashika, na haikutoa moshi.