Vitumbua vya mchele mtupu

Mwaka mzima tumbo lilikuwa linajaa gesi, naharisha, kilo zinashuka, na kila aliyeniona alikuwa na jina lake: amiba, vidonda vya tumbo, shangazi akasema jini. Jibu nililipata Dar es Salaam, kwa kipimo cha damu kisha kamera ya utumbo. Seliaki. Nikila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano), mwili wangu unaugeukia utumbo wenyewe. Vidonge vya kuiponya hamna. Unaiacha ngano maisha yako yote.

Chapati nilizililia siku chache tu. Kilichonitoa machozi kweli ni vitumbua. Nimerudi Mtwara nikijua hapo nimepona, kitumbua si mchele na nazi? Nikanunua viwili mtaani, usiku sikulala. Kumbe siku hizi wengi wanaongezea unga wa ngano ili rojo lishikane na mchele usiishe haraka. Siwalaumu, nazi inajua kutoboa mfuko.

Nikajaribu mwenyewe. Vikang'ang'ania kwenye chuma, nikavikwangua kwa kijiko kama ukoko. Nikampigia bibi, yuko Mikindani.

"Uji uliweka?"

"Uji gani, bibi?"

Akacheka mpaka akakohoa. Mchele unalala kwenye maji usiku kucha, asubuhi unausaga kwa tui zito na iliki. Unachota kikombe kimoja cha rojo, unakipika kiwe uji mzito, unauacha upoe kabisa, ndipo unaurudisha na kutia sukari na hamira. Usipopoa, hamira inakufa. Huo uji ndio unaoshika badala ya ngano. Siku hiyo vilitoka kingo zimekauka, katikati laini.

Nilikuwa napika vya kwangu tu, majirani wakaonja. Nikaanza kuuza arobaini kila asubuhi, Magomeni ya hapa Mtwara, mia tatu kimoja wakati wenzangu wanauza mia mbili.

"Dada, vyako umetia dhahabu?" bodaboda mmoja akaniuliza. Nikampa nusu. Kesho yake akaja na chombo.

Wengine wanakuja wakidhani ni dawa ya sukari. Nawaambia wazi: huu ni mchele na sukari, mwenye kisukari ale akijua kiasi chake. Nimepoteza wateja kwa hilo, sawa tu.

Pabaya ni blenda ilipoungua. Nikapeleka mchele mkavu mashineni, nikasahau kwamba palepale watu wanasaga unga wa lishe, na wengi wanautia ngano. Saa nne usiku tumbo likaanza. Nikamkumbuka mama mmoja anayemchukulia mwanawe mwenye tatizo kama langu. Nilimpigia mikono inatetemeka.

"Mama, vya leo alishakula?"

Alikuwa amemwekea vya shule. Vikatupwa, pesa nikarudisha, na wiki nzima sikuuza.

Msimu wa korosho ulipofika, minada ikaanza na watu wakashika hela, oda za shughuli zikanilipia mashine ndogo ya kusagia. Haijaonja ngano hata chembe. Ndugu akija na unga wake nisage "mara moja tu", namkatalia, anune.

Juzi bibi alikuja. Akakaa kwenye benchi la wateja, akala vitatu kimya, akafuta vidole kwenye khanga.

"Umebania nazi," akasema.