Mwosha madirisha wa Mtwapa

Nilipokuwa darasa la sita kulikuwa na Mjerumani mmoja aliyekuja kwetu Mtwapa, pwani ya Kenya, kila Januari, akakaa majuma matatu. Alikodi nyumba yenye kidimbwi cha kuogelea, akala kamba wa kukaanga kila jioni, akawanunulia vijana soda bila kuhesabu chupa. Mjomba wangu ndiye aliyemkatia nyasi. Siku moja akamwuliza, mzee, kwenu unafanya kazi gani? Akajibu kwa Kiswahili chake cha hotelini, "Mimi naosha madirisha."

Barazani walicheka wiki nzima. Ikaamuliwa kwamba mzee anaficha mali, na kwamba bila shaka ana kiwanda cha vioo.

Huu ni mwaka wangu wa nane Ujerumani. Nikikutana naye leo nitamwomba radhi, maana hakutudanganya.

Kuosha madirisha huku kuna shule yake. Mwanagenzi husomea miaka mitatu, siku nyingine darasani na siku nyingine juu ya ngazi, na mwisho hukalia mtihani kama anavyoukalia fundi umeme. Tangu Januari 2026, mkataba wa sekta ya usafi unasema aliyeajiriwa kufagia na kupiga deki ofisini asilipwe chini ya yuro 15 kwa saa, na mwenye ufundi wa vioo na kuta za nje asilipwe chini ya yuro 18.40. Kwa wiki ya saa 39, huyo wa vioo anapata kama yuro 3,100 kwa mwezi kabla ya makato. Makato nitayafikia, msiharakishe kuzidisha kwa shilingi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya binamu yangu, ambaye pale pale Mtwapa anafunga madirisha ya alumini. Ameniuliza swali ninaloulizwa kila wiki: huko kazi gani inalipa? Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti, ukafika dakika tisa, na bado hakuridhika. Basi naandika.

Njooni kwenye chumba cha kubadilishia nguo katika nyumba ya wazee ninayofanyia kazi, karibu na Dortmund, saa kumi na mbili asubuhi, zamu ya usiku ikitoka na ya asubuhi ikiingia. Mama anayesafisha vyumba yuko kwenye zile 15 nilizotaja. Kijana asiye na cheti chochote cha uuguzi, anayewaogesha wazee na kuwalisha, hawezi kulipwa chini ya 16.10. Aliyesomea kazi hii mwaka mmoja, 17.35. Sisi tuliosoma miaka mitatu, 20.50. Hivyo ni viwango vya chini vya utunzaji wa wazee, vilivyoanza Julai 2025, na waajiri wengi hulipa zaidi ya hapo. Chini yetu sote ipo sakafu ya nchi nzima, yuro 13.90 kwa saa tangu Januari 2026. Ilipowekwa mara ya kwanza mwaka 2015 ilikuwa 8.50.

Sasa itazameni tofauti. Kati yangu na mama anayepiga deki ni yuro tano na nusu kwa saa. Sote tunapanda treni ileile na kununua viazi duka lileile. Na si kwetu tu. Kwa hesabu za serikali za mwaka 2024, mfanyakazi wa muda wote aliye katikati kabisa ya foleni ya mishahara alipata yuro 52,159 kwa mwaka. Mtu kumi wakipangwa foleni, wa chini hakuzidi 32,526, na wa juu alianzia 97,680. Mara tatu tu. Nyumbani, mara tatu haitoshi hata kumtenganisha karani na bosi wake. Kima cha chini cha kisheria cha mfanyakazi wa nyumbani Mombasa, tangu Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na sote tunajua ni majumba mangapi ya Nyali yanayolipa hata hiyo. Mwenye jumba anapata mara ngapi? Hapo ndipo barazani waliposhindwa kumwelewa yule mzee. Kwetu mwosha madirisha na mwenye kidimbwi hawawezi kuwa mtu mmoja.

Lakini jambo hili lina upande wake wa pili. Kazi ya mkono ikiwa ghali, hakuna wa kukufanyia. Daktari anayekuja kuwaona wazee wetu huja kwa baiskeli, na jioni anapiga deki kwake mwenyewe. Mwaka juzi sinki langu liliziba. Fundi bomba akafika, akakaa dakika 25, akanipa mkono kwa heshima. Ankara ilikuja baada ya wiki: yuro 140 na ushei, ndani yake mstari mzima wa nauli ya kuja kwangu. Tangu hapo nina bomba la kuzibulia na nyundo yangu.

Jibu la kwanza kwa binamu yangu, basi, ni kwamba huku hakuna kazi inayolipa. Kinacholipa ni karatasi. Kazi nyingi zina jedwali la mishahara lililokubaliwa kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri, na kila jedwali linakuuliza mambo mawili: una cheti gani, na umekaa kazini miaka mingapi. Majedwali ya watumishi wa umma yako wazi kwenye intaneti. Naweza kujua mzoa taka wa manispaa anapokea kiasi gani nikiwa nimelala kitandani. Ila usimwulize yeye. Mwaka wangu wa kwanza nilimwuliza mwenzangu wakati wa chai, "Na wewe wanakupa ngapi?" kama ninavyoweza kumwuliza mtu bei ya kanga. Vijiko vilisimama. Mmoja akaanza kuzungumzia hali ya hewa, na Mjerumani akishaanza hali ya hewa jua umekosea.

Karatasi hii inauma. Nilikuja 2018 kulea watoto wa familia moja, nikipewa chumba, chakula, na posho ya yuro 260 kwa mwezi. Nyumbani walidhani ni kwa wiki. Baadaye nikajitolea mwaka mzima hospitalini kwa posho, kisha 2020 nikaanza Ausbildung, yaani mafunzo ya uanagenzi, ya uuguzi. Mwanagenzi wa uuguzi katika taasisi za umma alilipwa yuro 1,140 mwaka wa kwanza. Kuanzia Aprili 2025 ikawa 1,415. Angalieni bahati ya jedwali: mwanagenzi wa ususi wa nywele, anayesimama kutwa nzima vilevile, aliweza kuanza 2025 kwa yuro 682, kima cha chini cha kisheria cha wanagenzi, pasipo mkataba bora zaidi.

Nina rafiki aliyetoka Kenya akiwa muuguzi wa miaka 11. Amezalisha mamia ya wanawake kwa taa ya simu stima ikipotea. Alipofika hapa vyeti vyake vilipelekwa kutambuliwa, na mpaka barua irudi jina lake kazini lilikuwa msaidizi, na malipo yalikuwa ya msaidizi. Kila asubuhi alipokea maagizo kutoka kwa binti wa miaka 22 aliyeogopa kutoboa mshipa. Ilichukua miezi 14. Alipotambuliwa alipanda daraja mara moja, lakini ile miezi haikulipwa. Mwingine ana shahada ya biashara kutoka Nairobi na anapanga maboksi ghalani usiku, kwa sababu Kijerumani chake kinaishia sokoni. Ghala halina neno na shahada yake, na wala halimwongezi senti.

Jibu la pili ni netto, pesa inayobaki baada ya makato. Huku kila mtu hutaja brutto, mshahara kabla ya makato, akijisifu, na netto akilalamika.

Hati yangu ya mshahara ya Oktoba 2025, mwezi usio na zamu za usiku, ilianza na yuro 3,500. Pensheni ikachukua 325. Bima ya afya karibu 300. Bima ya kukosa kazi 45. Bima ya utunzaji wa uzeeni 84, na humo mna nyongeza ya asiye na mtoto, maana hapa ukipita miaka 23 bila kuzaa sheria inakutoza kidogo zaidi. Mashangazi zangu wa Kilifi wangeipenda sheria hiyo. Wao hunitoza maneno tu. Kisha kodi ya mapato, kama 415. Na mwisho kanisa, 37.

Hilo la kanisa lilinipata hivi. Siku ya kujiandikisha ofisi ya mji fomu iliuliza dini. Mimi nilibatizwa, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya. Nikajaza Mkatoliki kwa herufi kubwa. Nilipoanza kulipwa vizuri nikakuta serikali inalikatia kanisa asilimia 9 ya kodi yangu kila mwezi. Kutoka inawezekana, unajaza fomu nyingine na jina linafutwa. Sijatoka. Mama akisikia nimejifuta kanisani kwa yuro 37 sitaweza kumweleza.

Zikabaki karibu 2,290. Nyinyi wa Kenya mnaolia kwa asilimia 2.75 ya bima ya afya na 1.5 ya nyumba, nawasikia, ila huku theluthi nzima imeondoka kabla sijaiona. Kodi ya nyumba pamoja na joto ni 690. Tiketi ya treni na mabasi ya nchi nzima 63 kwa mwezi. Ada ya redio na televisheni 18.36, uwe na televisheni au usiwe nayo. Mama na ada ya shule ya mdogo wangu, 300.

Ndiyo maana mkisikia muuguzi wa Kiafrika anagombania zamu za usiku na Jumapili msidhani ana kiherehere. Ziada ya usiku haikatwi kodi hadi asilimia 25 ya malipo ya saa, ya Jumapili hadi 50. Pesa hiyo inatua mzima mzima. Jumapili mbili na usiku wa wiki moja zinanilipia tiketi ya ndege kidogo kidogo. Mgongo nao una jedwali lake, lakini hilo halimo kwenye intaneti.

Walio na wake au waume wajue na hili: daraja la kodi la nafuu kwa wanandoa kwa kawaida linamtaka mwenzako awe anaishi huku Ujerumani. Mwenzangu mmoja ana mume Nakuru na watoto wawili, lakini kila mwezi anakatwa kama msichana asiye na mtu. Anachoweza ni kudai kwenye marejesho ya kodi ya mwisho wa mwaka fedha anazowatumia wanaomtegemea, na kuanzia 2025 sheria inataka zipite benki hadi akaunti ya anayesaidiwa. Noti za kumpa anayesafiri hazihesabiki. Amewafungulia akaunti.

Kazi nyingine nitazipita haraka. Daktari anayeanza hospitalini hupata zaidi ya yuro 5,000 ghafi. Mwalimu aliyeajiriwa kama mtumishi wa dola hakatwi pensheni wala bima ya kukosa kazi, kwa hiyo netto yake inapendeza kuliko brutto inavyoonyesha. Jirani yangu yuko kiwanda cha vyuma, anafanya saa 35 kwa wiki kwa mkataba waliougombea kwa migomo, na analipwa kunizidi mimi ninayewageuza watu kitandani. Hilo sitalipamba, huwa nalitafakari nikimwona Ijumaa saa nane mchana anawasha jiko la nyama uani.

Na ule uvumi. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji wa kikazi mjini Berlin, mbele ya Rais Ruto na Scholz, kansela wa hapa wakati huo, na jioni hiyohiyo simu yangu ikajaa: Wakenya 250,000 wanatakiwa! Wizara ya mambo ya ndani ya hapa ilikanusha. Mkataba hauna idadi yoyote. Waliokuwa wameonekana kwa macho ni madereva watano wa mabasi waliopokelewa Flensburg, kaskazini kabisa, kwa majaribio. Watano. Mtwapa peke yake nilihesabu zaidi ya hao waliokuwa wamekwisha kumlipa wakala ada ya fomu.

Nilimsomea binamu yangu yote haya kwa simu jana. Alinyamaza hadi mwisho, halafu akauliza kitu kimoja tu: hiyo shule ya madirisha inataka Kijerumani kiasi gani? Nikamwambia B1, ngazi ya kati ya lugha, kwa uchache, na B1 ni miezi mingi ya kuamka alfajiri. Akasema sawa, akakata.

Leo asubuhi nimekuta ujumbe wake wa sauti, sekunde nne, mashine ya kukatia alumini ikinguruma nyuma yake. "Guten Morgen, dada."