Kufundisha mazingira ndani ya mikoko ya Mikindani

Somo la mazingira nalianzia kwenye maji. Miti inafuata baadaye. Shule nyingi za pwani ya Mtwara na Lindi hufanya kinyume: ikikaribia 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Upandaji Miti, miche inaletwa, watoto wanajipanga mistari, picha zinapigwa, na baada ya miezi michache ufukwe uko mtupu. Mkoko unapokufa kwa wingi namna hiyo, mara nyingi sababu ni kwamba ulipandwa mahali ambapo maji hukaa muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia, au mahali ambapo maji hayafiki inavyotakiwa. Kwa hiyo wiki za mwanzo klabu yetu ya mazingira shuleni haigusi mche hata mmoja.

Ratiba yenyewe inapangwa na mwezi. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya kwetu hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, ikapwa karibu saa nne asubuhi. Kwa mwalimu hilo ni jambo zuri sana, maana pwani inakuwa wazi wakati wa vipindi. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya wiki, kwenye maji mafu (siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana), saa nne asubuhi ndiyo yanakaribia kujaa. Natumia kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ndizo za kushuka. Tunashuka saa mbili na nusu, na saa nne na nusu kila mtoto ameshahesabiwa tukiwa nchi kavu. Kabla ya kwenda, darasa la tano hutabiri saa ya kupwa kwa siku tuliyochagua, kisha tunaipima pale pale kwa saa ya mkononi. Watoto wa wavuvi huwa mbele katika zoezi hili, na wengi wao ni wale wanaokaa kimya kwenye masomo mengine.

Chombo chetu kikuu ni mti wenye chupa. Chukua mti ulionyooka wa mita mbili na nusu, uuchimbie nusu mita, halafu funga chupa tupu za nusu lita kila baada ya sentimita 20 kuanzia chini. Kila chupa ibaki na kifuniko chake, itobolewe matundu mawili ya upana wa penseli ubavuni, chini kidogo ya bega. Ukiiacha mdomo wazi, mvua itaijaza na kipimo kitakuwa uongo. Kimo kinachopimwa ni pale yalipo matundu. Kamba iwe imekaza kweli, kwa sababu chupa tupu huelea na kujaribu kujing'oa. Simika miti mitatu: mmoja ukingoni upande wa bahari, mmoja katikati ya mikoko, mmoja nyuma karibu na nchi kavu. Chupa ya juu kabisa yenye maji inaonyesha kina cha maji yaliyopita. Soma, andika, mwaga, rudi kesho. Kwa kupima siku za bamvua na siku za maji mafu, watoto wanapata jedwali lao wenyewe linaloonyesha ni wapi maji hufika kila siku na ni wapi hufika kwa bamvua peke yake.

Jedwali hilo ndilo linalofanya majina ya miti yawe na maana. Mlilana husimama mbele, ukitazama bahari, na mizizi yake ya kupumulia hutoka topeni ikiwa minene yenye ncha. Nyuma yake kuna mkoko wenyewe wenye mizizi ya matao, halafu msinzi na mkandaa, na mchu unaostahimili maeneo ya nyuma ambako maji hufika mara chache na chumvi ni kali. Mchu huonekana pia mbele mara nyingine, na ni vizuri watoto wakute jambo linalovunja mpangilio waliouchora. Waambie walambe jani la mchu asubuhi ya jua: watakuta chumvi, kwa kuwa mti huu huitoa kupitia majani, wakati mkoko huizuia sehemu kubwa mizizini. Sijaona maelezo ya ubaoni yanayoshinda ulimi hapo.

Kabla ya kupanda, barua. Mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi ya serikali, na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ndiyo wasimamizi, hivyo tunaandika kwao na kwa serikali ya mtaa. Shule zilizo upande wa Msimbati zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo waandikie pia uongozi wa hifadhi. Wazazi nao wapewe taarifa, na kila mtoto avae viatu vya kufunika mguu. Maganda ya chaza hukata vibaya kuliko chupa iliyovunjika.

Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, ikaning'inia kama fimbo ya kijani. Iliyokomaa ina shingo ya manjano chini ya tunda na huachia kwa kuisokota kidogo, ikigoma, iache. Tupa zenye matobo ya wadudu na zilizokatika ncha. Zilizobaki tunaziweka kivulini chini ya gunia bichi kwa karibu wiki moja, maana kaa hupenda zaidi mbegu mbichi. Kofia ya tunda isivutwe kwa nguvu: ndani yake kuna chipukizi, na likikatika hiyo mbegu imekwisha. Watoto wengi hupanda kichwa chini. Waonyeshe kwamba upande mnene wenye ncha ndio unaoingia topeni, theluthi moja ya urefu, yaani sentimita 15 kwa mbegu ya sentimita 45. Tope likiwa gumu, toboa kwanza kwa kijiti. Usigongelee.

Mchu ni kazi ya kitalu. Loweka mbegu siku moja hadi ganda litoke, ibonyeze nusu yake kwenye tope la kiriba (mfuko wa kuoteshea mche) bila kuifukia, na mwezi wa mwisho changanya maji ya bahari kwenye umwagiliaji ili mche uzoee chumvi.

Tunapima kiwanja cha mita 10 kwa 10, nafasi ya mita moja, mbegu 100. Safu ni A hadi J na mistari ni 1 hadi 10, hivyo kila mche una anwani, tuseme C7, bila kibandiko cha plastiki. Pembeni yake tunaweka kamba kuzunguka kiwanja cha ukubwa uleule, nacho hakipandwi chochote. Hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mahali penye miti mama karibu na maji yanayopita vizuri, kiwanja kisichopandwa hujiotesha, na watoto wanaona wenyewe kwamba penye mfereji ulioziba kwa tuta la barabara au la shamba la chumvi, kuzibua mfereji kuna faida kuliko kupanda. Tusipande kamwe juu ya majani ya bahari, wala kwenye tope tupu la mbele ambalo halijawahi kuwa na mikoko. Majani yale ni malisho na makazi ya samaki, na pale mbele mawimbi ya kusi hung'oa kila kitu.

Kuhesabu hufanyika baada ya mwezi 1, 3, 6 na 12. Kila anwani hupewa alama: hai, K kwa kaa (shina limekatwa usawa wa tope), M kwa mbuzi (majani yameliwa juu), Z kwa kuzikwa na mchanga, T kwa taka au mwani uliozonga mche na kuulaza, H kwa usioonekana kabisa. Mbegu zikiwa 100, hesabu ya asilimia haihitaji hata kugawanya. Alama za T zikiwa nyingi, usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unahamia pale. Zikiwa M, wanafunzi wenyewe huenda kwa wenye mbuzi wakiwa na daftari, na mzee anayeoneshwa anwani za miche iliyoliwa husikiliza kuliko anapoletewa barua ya mwalimu mkuu.

Daftari hilo lina kurasa za chupa mbele na za miche nyuma. Darasa la saba hulikabidhi kwa darasa la sita mwezi Agosti, kabla ya mtihani wa Septemba, na makabidhiano hufanyika kiwanjani: anayepokea anatajiwa anwani tano, anazitafuta, na anatia saini akizipata.