Kumsahihisha Ndugu kwa Maandishi

Somo: Matendo 18:24–28

Apolo alikuwa msemaji hodari na mjuzi wa Maandiko, ila alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikia katika sinagogi la Efeso, wakaona pengo. Hawakumkatiza mbele ya watu. "Wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi." Usahihi haukupunguzwa ili kumstahi. Apolo alipotaka kwenda Akaya, ndugu waliwaandikia wanafunzi wa huko wampokee, naye akawafaa sana.

Mtu akiomba msaada mtandaoni, kutojua kwake kunaonwa na wote. Anayemjibu naye hana sauti wala uso wa kulainisha maneno. "Mbona hukusoma maelekezo?" kwa mdomo wenye tabasamu ni utani, kwa maandishi ni kofi.

Basi soma swali mpaka mwisho. Mithali 18:13 inamwita mpumbavu ajibuye kabla hajasikia, na tunawaona kila siku: mtu ameeleza kwamba amekwisha kuizima simu na kuiwasha, na jibu la kwanza linamwambia aizime na kuiwasha. Pasipoeleweka, uliza swali moja, si matano kwa mkupuo kama polisi. Kisha toa jibu lenyewe kwanza, sababu zifuate. Andika kila hatua kwenye mstari wake, na useme ataona nini ikifanikiwa, la sivyo akipotea hatua ya pili atagundua kwenye ya sita.

Kabla ya kutuma, lisome jibu kwa sauti kana kwamba wewe ndiye uliyeuliza. Futa "ni rahisi tu"; kwa aliyekwama si rahisi. Futa "kama nilivyokwisha kusema", maneno yenye herufi kubwa tupu, na alama za kuuliza zilizopangwa tatu tatu. Wala usimlundikie mistari ya Biblia mtu aliyeuliza namna ya kurudisha nywila. Huo nao ni ukali, umevaa kanzu tu.

Kosa linalomhusu mwenyewe, mwandikie faraghani. Lakini ushauri unaoweza kudhuru wengine, kama kipimo cha dawa kisicho sahihi au kiungo cha matapeli, hausubiri faragha. Usahihishe palepale, ukigusa habari na kumwacha mtu: "Kipimo hiki si sahihi, tafadhali kisitumike, muulizeni daktari au mfamasia." Halafu mtafute mwenyewe pembeni umweleze, maana huenda alikinakili mahali kwa nia njema.

Akijibu kwa hasira, usimjibu dakika hiyohiyo. Na kama ni wewe uliyemwaibisha mbele ya wote, kumwomba radhi kwa siri hakutoshi: waliosoma tusi wasome na radhi, papo hapo, bila "lakini" ndani yake.