Mtoto wangu wa pili hakupatwa na jicho baya: alihitaji muda wa kuzoea

Mwanangu wa kwanza alilelewa na mtaa mzima. Ukimkabidhi kwa jirani anacheka, ukimlaza kwenye mkeka katikati ya watu wanaopiga soga analala. Nikaamini nimeshajua kulea. Miaka minne baadaye akaja mdogo wake, nikaanza kujifunza upya.

Huyu alianza kulia akiwa na wiki ya pili. Kila siku kuanzia magharibi hadi saa nne usiku, mwili umekakamaa, ngumi kazifumba. Kliniki ya wiki ya sita wakampima: uzito unapanda, homa hana, ananyonya vizuri. Muuguzi akanieleza kuwa kilio cha wachanga huzidi wiki hadi wiki, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kuelekea mwezi wa tatu au wa nne. Na kweli kilio cha jioni kilipungua. Kikabaki kingine: hakutaka chochote kigeni. Beseni jipya la kuogea, kilio. Alipofikia umri wa kuanza uji, alitema siku tisa mfululizo. Mgeni akimnyanyua, analia hadi pumzi inakatika.

Maneno yakaanza. Wengine wakasema ni mchango, wengine jicho baya, afungwe uzi mweusi. Wifi yangu akasema nimemdekeza, kazoea mikono. Hilo ndilo lililoniuma, maana nililiamini. Nikawa namlaza chini namwacha alie, eti atazoea. Siku ya nne alikuwa anashtuka hata mlango ukifunguliwa. Nikaacha. Nikachukua mbeleko, nikamfunga mgongoni, nikalia naye.

Aliyenisaidia ni jirani yetu, muuguzi mstaafu. Hakunipa dawa. Alisema, "Mwanangu, huyu mtoto bado hujamjua. Chukua daftari, wiki moja, andika kila anapolia na kilichotangulia." Nikaandika kwenye daftari la kuchorea la dada yake. Wiki ilipoisha tukasoma pamoja, na jambo likajitokeza lenyewe: kitu kikija ghafla analia, kikirudi mara ya pili ananyamaza na kukikodolea macho, mara ya tatu au ya nne anakipokea. Hata uji, siku ya kumi alimeza.

Ndipo akanieleza habari ya Alexander Thomas na Stella Chess, madaktari wa New York ambao mwaka 1956 walianza kufuatilia watoto tangu uchanga hadi utu uzima, 133 kwa jumla. Waliona watoto huja duniani na hulka zao. Kama asilimia 40 walikuwa wepesi, asilimia 10 wagumu, na asilimia 15 wale wanaosita kwanza kisha wakazoea wakipewa muda, waliobaki walichanganya hulka hizo. Niliposikia hao wanaosita nilimwona binti yangu. Lakini lililonishika zaidi ni walilosema kuhusu kuendana: mtoto hustawi pale malezi yanapoendana na hulka yake. Wa kwanza aliendana na nyumba yetu yenye kelele bila mimi kufanya lolote. Huyu ilibidi nyumba imsogelee.

Nikabadilisha vitu vidogo. Chakula kipya, kijiko kimoja tu, siku hiyohiyo simsukumi tena. Beseni lilikaa siku mbili uani bila maji, akilichezea. Tukienda kwa watu, haoni sakafu kabla sijamaliza chai: anakaa mgongoni ndani ya mbeleko, anachungulia begani, akiogopa anaficha uso kwenye shingo yangu, akitaka anachungulia tena. Sijaona kifaa cha dukani kinachoshinda mbeleko kwa mtoto wa namna hii.

Kigumu kilikuwa kwa wakubwa. Kumnyima bibi mjukuu wake mlangoni si jambo jepesi, na mama mkwe wangu wa Muheza alikuwa anamsubiri kwa hamu. Kabla ya safari nikampigia. "Shikamoo mama. Mjukuu wako anaogopa akichukuliwa haraka. Nakuomba tukifika usimtazame usoni kwanza, mwache akufuate mwenyewe." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mume wako alikuwa hivyohivyo. Mama yangu alikuwa akinigombeza kwa ajili yake." Miaka sita ya ndoa, sikuwahi kulisikia hilo.

(Mwenye mtoto asiyeongezeka uzito, mwenye homa, au asiyegeuka anaposikia sauti, asingoje daftari. Aende hospitali.)

Tulifika Muheza binti yangu akiwa na miezi tisa, wiki moja baada ya chanjo ya surua. Umri huo hata watoto wepesi huanza kuwaogopa wageni, kwa hiyo nilikuwa na wasiwasi. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele. Alinipokea mkoba, akarudi kwenye ungo wake, hakuinua macho. Nikakaa mkekani, nikamfungua mbeleko, nikamweka mapajani. Alikaa pale nusu saa nzima ameshika kanga yangu. Kisha akashuka, akatambaa hatua mbili, akageuka kuniangalia, akarudi. Akaenda tena. Mara ya tatu alifika kwenye ungo, akatia mkono, akachota mchele. Bibi yake akaendelea kutoa mawe, machozi yakimdondoka, mpaka mtoto mwenyewe alipoegemea goti lake.