Linki yako kwenye grupu la dagaa: kwa nini haibofywi

Grupu moja la WhatsApp linabeba hadi watu 1,024. Mwenye blogu akiingizwa kwenye grupu la wafanyabiashara wa dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, cha kwanza anapiga hesabu: nikibandika linki humu, hata robo tu wakibofya nina wasomaji mia mbili hamsini. Anabandika. Kesho yake anafungua takwimu, anakuta watu wanne, na mmoja wao ni yeye mwenyewe.

Watu wale hawakuingia mle kutafuta cha kusoma. Wanataka kujua gunia limefika shilingi ngapi, nani ana gari la kwenda Dar, mvua imenyesha Ukerewe au la. Ujumbe wa "Habari zenu wapendwa, tembeleeni blogu yangu mjifunze mengi" hauna bei wala jibu, na kwa sura haupishani na zile jumbe za "bofya hapa ujishindie GB 50". Wengi wanaupita. Admini mkali anaufuta, na wewe anakutoa.

Njia inayolipa ni kujibu swali lote pale pale grupuni, halafu linki ibebe kile ambacho grupu haliwezi kubeba: picha za hatua kwa hatua, jedwali, hesabu ya vifaa. Chukua mfano. Mtu kauliza: "Jamani, dagaa wangu wanatoka na mchanga, mnunuzi ananikata bei, nifanyeje?" Jibu liwe hivi:

"Acha kuanika chini ndugu yangu. Jenga chanja: nguzo za kufika kiunoni, fito juu, kisha wavu wa zamani uliokazwa usibonyee katikati. Tandaza tabaka moja tu, na uwageuze kabla jua halijawa la utosini. Mvua ikitishia, funika kwa turubai lililoinuliwa. Likiwalalia dagaa wabichi wanavuja maji na kunuka. Picha za kufunga kona na idadi ya nguzo kwa chanja ya mita 10 ziko hapa:"

Kisha linki. Aliyeuliza amesaidika hata asipobofya, na hilo lisikuume. Kuna ambao bando lao ni la WhatsApp tu. Hao hawawezi kufungua blogu yako hata wakitaka, ila ndio watakaokutaja siku swali lile lile likirudi. Anayebofya ni yule anayekwenda kununua fito kesho, na huyo atasoma mpaka chini. Kumbuka pia kwamba WhatsApp hukata ujumbe mrefu na kuweka "Soma zaidi", kwa hiyo jibu lenyewe likae mstari wa kwanza. Salamu ndefu zinakula nafasi hiyo.

Sasa kadi ya linki, ile picha ndogo yenye kichwa cha habari. Kwenye WhatsApp kadi hiyo hutengenezwa na simu ya anayetuma, si ya anayepokea. Ukibandika linki na kutuma papo hapo huku mtandao ukisuasua, wenzako wote wataona maandishi matupu ya https. Bandika, subiri mpaka picha itokee juu ya sehemu ya kuandikia, ndipo utume. Isipotokea kabisa, mara nyingi picha ya makala ni nzito mno. Ipunguze iwe na upana wa pikseli 1200 na kimo cha 630, uzito usizidi KB 300. Facebook ina kisa chake: hutunza kadi ya zamani, hivyo ukibadilisha kichwa baada ya kuposti, kile cha awali kitaendelea kuonekana mpaka uiamuru isome upya kupitia zana yao iitwayo Sharing Debugger.

Wanaotumia Blogger wana mtego wao. Ukinakili anwani kutoka simuni, mwishoni inabeba ?m=1. Ifute, la sivyo atakayefungua kwenye kompyuta ataletewa sura ya simu. Linki za kufupishwa nazo ziache. Baada ya utapeli wote uliopita kwenye magrupu, watu wanataka kuona jina la tovuti kabla ya kugusa.

Usipoiwekea linki alama, wasomaji wa WhatsApp huonekana kwenye takwimu kama watu waliokuja moja kwa moja, na hutajua ni grupu gani lililowaleta. Ongeza mwishoni mwa anwani kitu kama hiki: ?utm_source=mwaloni&utm_medium=whatsapp&utm_campaign=chanja. Kwa grupu la Sengerema badilisha neno "mwaloni" tu. Tumia herufi ndogo siku zote, maana Google Analytics, zana ya takwimu za tovuti, huhesabu "Mwaloni" na "mwaloni" kama sehemu mbili tofauti. Na kama anwani tayari ina alama ya kuuliza, anza na & badala ya kuweka ? ya pili. Baada ya wiki mbili, usitazame nani kaleta wengi. Tazama nani kaleta wanaokaa dakika mbili au tatu. Grupu la watu sitini wa vizimba vya sato linaweza kulishinda la elfu moja la "matangazo ya biashara", ambako kila mtu anauza na hakuna anayesoma.

Facebook, usibandike linki ile ile kwenye magrupu kumi kwa dakika kumi. Utazuiwa kuposti kwa muda. Mawili kwa siku yanatosha, na maneno ya juu yawe tofauti. JamiiForums inapenda maandishi kamili, kwa hiyo mada iliyo na linki tupu haiendi mbali. Anayekuambia linki za majukwaani zitakupandisha Google anakuuzia hewa: nyingi huwekewa alama ya nofollow au ugc, inayoiambia Google isizichukulie kama pendekezo la tovuti.

Kuhusu muda, huku ziwani kalenda ni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti kitu, mitumbwi mingi inapumzika ufukweni na watu wanashika simu. Makala ya wavuvi itoe siku hizo. Ya wanunuzi itoe jioni. Alfajiri wako sokoni.

Usichote namba za watu grupuni ukaziweka kwenye orodha yako ya kutumia jumbe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na zaidi ya hayo mbinu hiyo haifanyi kazi: ujumbe wa orodha ya WhatsApp humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Na kama blogu yako inagusa habari na matukio, soma kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) za 2020 na marekebisho ya 2022 kabla hujaanza kujitangaza.

Magrupu ni nyumba za watu. Juni 2018, kanuni za mwanzo zilipobana, hata JamiiForums ilizimwa kwa muda. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa nchini. Ndiyo maana msomaji akishafika aonyeshwe mahali pako pa kudumu. Chaneli ya WhatsApp inafaa kuliko grupu jipya, kwa sababu wafuasi hawaonani namba, na akina mama wengi wa Mwaloni hawaingii grupu wasilolijua kwa kuogopa kupigiwa usiku. Mwaliko uweke chini ya picha ya mwisho ya makala, mstari mmoja: "Bei na picha mpya za chanja natuma hapa kila Jumamosi." Kisha Jumamosi ifike utume kweli, hata kama ni bei tu.